KIFUTA JASHO SI FIDIA

Leo tuzungumze juu ya tembo na shamba la mahindi. Ninyi mnaolima Rhotia, Oldeani na Mbulumbulu hamhitaji kusimuliwa habari hii. Mahindi yakishabeba, tembo na nyati hutoka usiku katika msitu wa Ngorongoro, na asubuhi mwenye shamba hukuta mabua yamelala chini.

Msitu ule tunauhitaji. Ndio unaoshika mvua ya milimani, na maji yake ndiyo yanayolisha mito ya Karatu na chemchemi za Mang'ola zinazomwagilia vitunguu. Anayeufyeka ili tembo wahame anajikatia maji mwenyewe. Lakini faida ya hifadhi ni ya taifa zima, na hasara ya usiku mmoja humwangukia mkulima wa ukingoni. Kwa sababu hiyo Serikali hutoa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa jamaa wa aliyeuawa. Msingi wake ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zilizotolewa mwaka 2011.

Sasa, ndugu mkulima, lisikilize vizuri jina lenyewe. Kifuta jasho si fidia. Fidia hurudisha thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho ni pole. Kanuni za 2011 zilipanga malipo kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi: shilingi 25,000 kwa ekari kwa mashamba ya karibu, zikipanda hadi 100,000 kwa yaliyo mbali zaidi ya kilometa 5, na zisizidi ekari 5. Shamba lililo ndani ya meta 500 za mpaka halikupata kitu. Shilingi 25,000 hazinunui hata gunia moja la mahindi la kilo 100. Kiwango cha leo muulize afisa wanyamapori wa wilaya, lakini usikitegemee kulisha nyumba yako mwaka mzima.

Basi tufanye nini? Kwanza, dai kilicho chako. Asubuhi ile ile nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisa mtendaji ukatoe taarifa. Usilime upya wala kuvuna mabaki kabla afisa wanyamapori na bwana shamba hawajaja kupima. Nyayo, kinyesi na mabua yaliyovunjika ndio mashahidi wako. Hakikisha fomu imeandikwa jina lako sawasawa, nawe ubaki na nakala, maana karatasi ile ina safari ndefu: kijijini, wilayani, hadi Wizara ya Maliasili na Utalii. Asiye na nakala hana la kuuliza.

Pili, angalia unalima wapi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kisha kikakatazwa tena 2009. Usitazamie kifuta jasho kwa shamba la mahali palipokatazwa. Na huko Kitete, inakopita njia ya tembo kuteremka Selela, kupanda mahindi katikati ya njia yao ni kuwaandalia karamu.

Tatu, lindeni kwa pamoja. Shamba moja likiwekewa ulinzi, tembo huhamia la jirani. Pangeni zamu ya usiku. Zungusheni kamba yenye vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, na mrudie kupaka mvua ikishanyesha. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye uzio husaidia pia, na asali ni yenu. Mtu asimfuate tembo gizani peke yake, wala asimchome mkuki. Tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima.

Pole ya Serikali ipokeeni, ni haki yenu. Lakini ghala hujazwa na shamba lililolindwa.