Magofu, Mahame na Matongo: Mabaki ya Vita katika Ardhi na katika Lugha



1.0 Utangulizi

Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kutoa mhadhara huu wa wazi. Mada niliyoichagua ni mabaki ya vita katika mandhari ya leo. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mwanaisimu ana lipi la kusema juu ya kuta zilizobomoka na mizinga iliyoshika kutu, mambo ambayo kwa kawaida huachiwa wanahistoria na wanaakiolojia. Jibu langu ni kwamba kitu hakiwezi kuhifadhiwa kabla ya kutambuliwa, na kukitambua kunategemea jina tunalokipa. Hoja yangu ni moja: neno tunalolitumia tunapotafuta mabaki ya vita ndilo linaloamua ni vita vya nani vitakavyokumbukwa.

Eneo nitakaloliegemea ni Binza, katika upande wa mashariki wa Usukuma, ambao leo umo katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Mgeni anayepita huko huona mashamba ya pamba, mifugo, mawe na mbuga. Haoni ngome wala sanamu. Ni rahisi kwake kuhitimisha kwamba vita havikufika. Nataka kuonesha kwamba hitimisho hilo ni kosa la msamiati kabla ya kuwa kosa la historia.

2.0 Gofu, hame na tongo

Kiswahili kina maneno kadhaa ya mahali palipoachwa. La kwanza ni gofu. Ili pawe na gofu lazima pawe na kuta. Gofu ni mifupa ya jengo, na ndiyo maana twasema pia kwamba mtu aliyekonda amebaki gofu. La pili ni hame. Neno hili latokana na kitenzi kuhama, na halidai kuta zozote. Ladai tu kwamba watu walikuwapo nao wakaondoka. Pwani liko pia neno ganjo, lenye maana iliyo jirani na hiyo.

Kisukuma nacho kina itongo, wingi wake matongo: mahali palipokuwa na mji wa mtu, ambapo sasa hapana nyumba. Wanafunzi wengi wakisikia tongo hufikiria uchafu wa jichoni, nao hucheka. Hata hivyo neno tongo katika maana ya kijiji kilichoachwa limo pia katika kamusi za zamani za Kiswahili. Mkulima wa Usukuma hulitambua itongo kwa rutuba ya udongo wake, kwa kuwa ng'ombe walilala hapo miaka mingi.

Tofauti hii ya maana ina matokeo. Nchi ya miji ya mawe huacha magofu. Nchi ya nyumba za miti na udongo huacha mahame na matongo. Tukitafuta magofu peke yake, tutapata ngome za waliojenga kwa mawe, na mara nyingi hao ndio waliokuja kutawala.

Sheria yetu inazidisha ugumu huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863 na majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Vilivyo vya baadaye huhitaji tamko maalumu. Hivyo mabaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Vita Kuu ya Pili na ya Vita vya Kagera yote yako nje ya mlango, yakisubiri mtu wa kuyaombea.

3.0 Mabaki yenye jina na mabaki yasiyo na jina

Tuanze na yale yanayofahamika. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa ikavutwa hadi bara kupigana vita vya nchi kavu, na mmoja wake unaonekana hadi leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Katika Ziwa Tanganyika iko meli ya Liemba. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyetawala wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Chuma ni kilekile, lakini kumbukumbu ilibadilishwa kwa kubadilisha neno.

Sasa tuulize: mizinga ile ilivutwa na nani? Tunajua kipenyo cha mtutu, yaani milimita 105. Majina ya waliouvuta hatunayo. Upande wa Waingereza pekee uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 95,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Wasukuma na Wanyamwezi, waliosifika kwa upagazi tangu enzi za misafara, walichukuliwa na pande zote mbili. Mwanza ilitwaliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, na tangu hapo nchi nzima ya kusini mwa ziwa ikawa chimbuko la mabega ya kubebea mizigo.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki.

Mnara mkubwa zaidi wa wapagazi haukujengwa na serikali yoyote. Ni neno: Kariakoo. Kambi ya kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, iliwekwa katika eneo hilo la Dar es Salaam baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Tazameni fonolojia yake. Katika tahajia ya Kiingereza neno Corps lina herufi p na s zisizotamkwa, na katika Kariakoo hazimo. Maana yake ni kwamba neno hili liliingia kwa sikio, si kwa karatasi. Waliolitohoa walikuwa watu walioitwa kwa sauti, si watu walioandikiwa barua. Nairobi nako Kariokor ina chimbuko hilohilo. Soko la Kariakoo liliungua mwezi Julai 2021, na jina halikuungua.

4.0 Ua wa minyara na mlio wa mgambo

Turudi Binza. Wasafiri wa Ulaya waliopita Unyamwezi na Usukuma katika nusu ya pili ya karne ya 19 walieleza habari za vijiji vilivyozungushiwa minyara, mmea wenye utomvu mkali unaodhuru macho. Ua ule ulikuwa ngome. Ulizuia wavamizi wa mifugo, na katika upande wa mashariki, unaopakana na mbuga za Serengeti, hofu hiyo ilikuwa ya kila msimu. Minyara ingalipo. Leo hutenga shamba na njia, au huzunguka ngitili, malisho yaliyohifadhiwa. Anayeipita haoni silaha. Lakini ukuta huo ni hai, na mahali ambapo mstari wake wa kale umezunguka uwanja mtupu, hapo pana itongo.

Kisukuma huita vita bulugu. Kisarufi neno hili limo katika ngeli ya bu-, pamoja na maneno ya hali kama bulogi, yaani uchawi. Sisemi kwamba ngeli hufikiri kwa niaba ya msemaji. Nasema tu kwamba mtu anayesimulia bulugu mara nyingi husimulia hali iliyoikumba nchi: njaa, kuhama, kulala na ng'ombe ndani ya ua. Tukimhoji kwa kutafuta tarehe na majina ya majenerali, atanyamaza, nasi tutaandika kwamba hakuna kumbukumbu.

Vita vya karibu zaidi ni vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Magofu ya vita hivyo yako kaskazini magharibi: kanisa lililobomolewa pale Kyaka, na makaburi ya mashujaa huko Kaboya, wilayani Muleba. Usukuma haukupewa gofu lolote, ingawa ulitoa watoto wake. Uliachiwa maneno.

La kwanza ni mgambo. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Mgambo ulikuwa mlio wa baragumu na tangazo la kuwakusanya watu. Leo mgambo ni mtu, raia aliyefunzwa kijeshi, na makumi ya maelfu yao walipelekwa vitani. Jina la wito limekuwa jina la aliyeitika.

La pili ni sungusungu. Baada ya vita, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukaongezeka. Kati ya mwaka 1981 na 1982 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walijiundia ulinzi wao, wakajiita kwa jina la wale siafu weusi wanaouma kwa pamoja. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuwatambua. Hili ni baki la vita lisiloweza kupigwa picha, lakini limeingia katika sheria za nchi.

5.0 Tahadhari za mbinu

Ndugu wanafunzi, msiondoke hapa mkidhani kwamba kila itongo ni la vita. Mengi yalitokana na ndoa, maradhi au malisho. Mengine yalitokana na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, na angalieni kwamba hata neno operesheni lilitoka jeshini. Vilevile, watu hupenda kulitungia jina kisa baada ya jina lenyewe kusahaulika asili yake.

Kwa hiyo napendekeza mizani mitatu. Kwanza, umbo: je, kanuni za sauti na za mofolojia zinaruhusu asili inayodaiwa? Pili, mashahidi: je, wazee wa koo zisizo na undugu wanasimulia jambo moja? Tatu, mahali: je, ardhi yenyewe inaonesha ua, majivu, vigae au rutuba isiyo ya kawaida? Kariakoo huipita mizani ya kwanza na ya tatu kwa kuwa kumbukumbu za kambi zipo. Majina mengi ya vitongoji bado hayajapimwa hata mara moja.

6.0 Hitimisho

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulituonesha kwamba lugha zetu zinaweza kuorodheshwa na kuchorewa ramani. Hatua inayofuata ni ramani ya majina ya mahali, kitongoji kwa kitongoji, yakiandikwa kama wenyeji wanavyoyatamka. Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Yahitaji mwanafunzi aliyezaliwa huko, daftari, kinasa sauti, na adabu ya kumsikiliza babu au bibi hadi mwisho. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa, yaweza kuwa hifadhi ya nakala moja, na chuo kikuu hifadhi ya nyingine. Orodha hiyo ikipatikana, ndipo tutakapokuwa na la kumpelekea waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, tukimwomba atangaze ulinzi wa mahame kama anavyotangaza ulinzi wa magofu.

Ua wa minyara hung'olewa kwa siku moja kupisha trekta, na hakuna sheria anayoivunja mwenye shamba. Jina la itongo nalo hufa kimya zaidi, siku mtoto anapolijua shamba kwa namba yake tu. Gofu likianguka tutaona vifusi. Neno likianguka halisikiki, na wale ambao neno lilikuwa kaburi lao pekee watakuwa wamezikwa mara ya pili.