Mashine ya Kufulia Iliyo Mbali na Bomba la Maji Taka



Nyumba nyingi tunazopanga mijini zilijengwa pasipo kufikiriwa kwamba siku moja mpangaji ataleta mashine ya kufulia. Soketi ya umeme ipo jikoni na maji safi yapo jikoni, lakini nafasi ya mashine imepatikana upande wa pili wa chumba, na njia ya maji taka iko mita sita kutoka hapo. Muuzaji akiulizwa, mara nyingi jibu lake huwa jepesi: ongeza mpira. Jibu hilo tulipime vizuri, kwa kuwa gharama yake humwangukia mnunuzi.

Pampu iliyomo ndani ya mashine ni ndogo. Imeundwa kusukuma maji kupitia mpira uliokuja nayo, na kuyapandisha kimo ambacho kwa mashine nyingi ni kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Mpira ukirefushwa kupita kiasi, maji hutoka polepole, na mashine huweza kusimama katikati ya kazi. Pampu inapozima, maji yaliyosalia mpirani hurudi ndani. Nyuzi za nguo hunasa kwenye kiungio, na kiungio kikifumuka ghorofani, anayelowa ni jirani wa chini. Kitabu cha maelekezo hutaja kikomo cha urefu. Ukikivuka, umempa muuzaji sababu ya kukataa madai yako ya dhamana.

Afadhali kurefusha bomba. Fundi asimamishe bomba la plastiki kando ya mashine, mdomo wake ukiwa kama sentimita 75 kutoka sakafuni, na chini yake aweke kona inayobaki na maji ili kuzuia harufu. Kutoka hapo bomba lilale ukutani likishuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kwa mita 6, mshuko huo ni sentimita 15: likianza sentimita 25 juu ya sakafu, litafika likiwa kwenye sentimita 10. Kazi ya pampu huishia mdomoni mwa bomba. Safari iliyobaki ni ya mteremko. Kwa masafa haya, bomba la inchi 2 ni salama zaidi kuliko la inchi moja na nusu.

Mpira uingie mdomoni kwa uhuru na ufungwe usichomoke, lakini tundu lisizibwe kwa gundi. Hewa isipopita, maji hujivuta yenyewe, na mashine itakuwa ikijaza na kumwaga kwa wakati mmoja. Bili ya maji ndiyo itakayokujulisha.

Wenye mashine za matenki mawili wasifuate kipimo hicho. Nyingi hazina pampu; maji hushuka kwa uzito wake, hivyo mpira sharti ulale chini. Hizo zisogezwe karibu na tundu la sakafu la bafuni, au ziinuliwe juu ya jukwaa imara.

Mpangaji apate kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi kabla ukuta haujatobolewa. Na kabla ya kumlipa fundi, jaza mashine, iamuru imwage maji yote, kisha pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungio.