Mpangilio Hufundishwa: Kumwandaa Mwanafunzi kwa Mtihani wa Kidato cha Nne



Kila Novemba vijana wetu huingia katika vyumba vya mtihani wa Kidato cha Nne, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Matokeo yakitoka, aliyefeli huitwa mvivu. Nimesimama hapa kuipinga hukumu hiyo. Wapo wengi waliosoma kwa bidii, wakakesha, na bado wakafeli kwa sababu hawakujua wasome nini, lini na kwa namna gani. Kujipanga hakuna anayezaliwa nako. Ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Sisi tunaowapangia watoto vipindi kuanzia asubuhi hadi jioni, ni lini tumewafundisha kujipangia?

Mtihani huu hugusa mada za vidato vyote vinne. Somo lililoeleweka vizuri Kidato cha Kwanza litaulizwa zaidi ya miaka mitatu baadaye. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi kubwa saa na siku za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa huzaa zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo wakati wa kurudia mada ni wiki ileile ilipofundishwa, kisha mwezi unaofuata, kisha mwisho wa muhula. Anayesubiri kambi ya masomo ya Septemba anajifunza upya mambo ambayo alikwisha kuyajua.

Namna ya kurudia nayo ina uzito wake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likaandika yale liliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83 na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima wakawa na asilimia 61. Hapo ndipo wanafunzi wengi hunaswa. Anayepitia kaunta buku lake mara ya tatu huona kila kitu anakijua, kwa kuwa majibu yapo mbele ya macho. Alifunge daftari, achukue karatasi tupu, aandike hatua za usagaji wa chakula au achore mzunguko wa maji. Pale kalamu inapokwama ndipo pa kuanzia kesho.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi naye awe na daftari moja dogo la makosa: swali alilokosa, sababu ya kulikosa, na tarehe ya kulirudia. Baraza huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ukieleza walipokosea na kwa nini. Nyaraka hizo zisiishie kabatini kwa mkuu wa shule. Zisomwe darasani.

Tuangalie sasa mgawanyo wa muda. Daraja la ufaulu hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na jumla ndogo ndiyo bora. A huanzia alama 75, C huanzia 45, na F huishia 29. Anayepanda kutoka alama 80 hadi 95 katika somo alipendalo habadilishi pointi yoyote. Anayepanda kutoka 28 hadi 46 katika somo analoliogopa anaweza kupunguza pointi 2. Hata hivyo, ratiba nyingi za wanafunzi hujaa masomo wanayoyapenda. Ratiba ya kweli hulipa somo gumu saa ambayo akili bado haijachoka.

Lipo pia suala la lugha. Watoto wengi husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza, nao hukimbilia kukariri sentensi wasizozielewa. Nawashauri wanafunzi: mweleze mwenzako mada kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha iandike kwa Kiingereza kwa maneno yako. Kwa kuwa mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, hatua hiyo ya pili isirukwe.

Upungufu wa walimu na vitabu ni wa kweli, na ratiba nzuri haiwezi kuufuta. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu. Wazazi, binti wa shule ya kutwa anayerudi jioni na kukuta ndoo, vyombo na wadogo zake vinamsubiri, hata mpango bora hautamfaa. Gawaneni kazi, kaka zake wakiwemo, ili kila jioni apate saa yake isiyoguswa, kisha alale, kwa maana usingizi ndio unaokomaza kumbukumbu. Walimu, tengeni dakika 10 za kila wiki watoto wajipime bila daftari na bila alama za kuwaaibisha. Nasi wa vyuo vikuu tumfundishe kila mwalimu tarajiwa namna kumbukumbu inavyofanya kazi, ili aende nayo shuleni siku yake ya kwanza ya kazi.

Ninyi wanafunzi, anzeni na mada ya wiki hii.