Mkono wa Nyuma ya Darasa

Msikilizaji, kila muhula ukianza, kabla sijamaliza kuandika neno "falsafa" ubaoni, kuna mkono unanyanyuka nyuma ya darasa. "Mwalimu, sisi Waafrika tulikuwa nayo?" Swali nalipenda. Kinachoniumiza ni sauti inayoliuliza, maana mara nyingi muulizaji ameshajijibu moyoni kwamba hatukuwa nayo.

Mwenzake humdakia: "Si tuna methali!" Tunazo, tena tele. Lakini subira yavuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Bibi yule yule huzitamka zote mbili, asubuhi hii na jioni ya leo. Atakayeuliza ipi ni kweli, wakati gani, na kwa sababu gani, huyo ndiye kaanza falsafa.

Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilivalia njuga jambo hili tangu miaka ya 1970. Aliwafuata wazee vijijini, wengi wao watu wasio na elimu kubwa ya darasani, na hakuridhika wamsimulie mila tu. Aliwahoji, akawabana, akasikiliza wanavyojitetea. Yule aliyeijua mila barabara, Oruka alimheshimu. Lakini aliyeweza kuipima mila yenyewe kwa akili yake ndiye ambaye Oruka alimhesabu kuwa mwanafalsafa.

Mmojawapo alikuwa Mzee Paul Mbuya Akoko, Mjaluo. Alipoulizwa juu ya Mungu alisema watu wake walikosea kudhani kwamba Mungu wao ni mwingine na wa wageni ni mwingine. Mungu ni mmoja, alisema, kwani wangekuwa wengi, ulimwengu usingekuwa na utaratibu huu tunaouona. Hebu sikiliza vizuri alichofanya mzee huyu. Amewapinga wa kwao, na hakuishia kupinga, ametoa hoja.

Hapo huja swali la pili: "Lakini wengi wa hao wazee hawakuandika vitabu." Socrates wa Athens naye hakuandika. Tunamjua kwa kalamu za wengine, Plato na Xenophon, na hakuna anayemnyima jina la mwanafalsafa kwa ajili hiyo.

Muhula uliopita nilipomaliza kueleza hoja ya Mzee Akoko, ule mkono wa nyuma ulinyanyuka tena. Safari hii sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Mwalimu, kwani miungu wengi hawawezi kuelewana?"

Nilimwita mbele, nikamkabidhi chaki.