Wazee wa Kagera Wafanyiwe Utafiti



Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria ya kuanzisha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Sasa jamani, aliyepigana akiwa na miaka 20 leo anakaribia 70. Masikio yaliyozibwa na mizinga, vipande vya chuma mwilini, usingizi unaokatika kila usiku: nani anayafuatilia haya? Na mgambo je, aliyerudisha bunduki akarudi kulima? Huyo hata njia ya Lugalo haijui.

Makofi ya Julai 25 hayatibu mtu. Tunataka fungu la utafiti huu kwenye bajeti ya serikali, na watafiti wawafuate wazee vijijini, waanzie hapa Utete na Ikwiriri.