Ute Ukeni: Upi wa Kawaida, Upi wa Kupeleka Zahanati?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mwanza)

Wavulana msitoke, nanyi yanawahusu.

Wasichana wengi huuliza kwa kunong'ona: "Dada, natokwa na majimaji, je, ni ugonjwa?" Mara nyingi sivyo. Tangu kubalehe, uke hutoa ute mweupe au usio na rangi. Huongezeka siku za yai kupevuka. Hauwashi wala haunuki vibaya.

Ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri waitwao laktobasili. Ni ndugu wa wale wanaogandisha mtindi nyumbani. Wanatengeneza asidi, na vijidudu vingi vya magonjwa haviupendi uchachu huo. Hao ndio walinzi wako! Ukijiosha kwa ndani kwa sabuni au ndimu, unawafukuza walinzi na kuwaachia wezi mlango wazi. Osha nje tu, kwa maji safi. Ndani hujisafisha penyewe.

Walinzi wakipungua, bakteria wengine huzidi. Hapo hutoka uchafu mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki, na hapa Mwanza nani asiyeijua? Dawa yake ni metronidazoli. Fangasi huleta muwasho mkali na uchafu mzito mweupe; hutibiwa kwa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni. Fangasi huweza kuja baada ya kumeza antibiotiki, maana dawa hizo huua hata walinzi. Kwa hiyo kununua kapsuli mbili tatu dukani kwa kubahatisha kunaweza kukuongezea matatizo. Trikomona huambukizwa kwa kujamiiana, na uchafu wake huweza kuwa wa njano au kijani. Hapo wapenzi wote wawili watibiwe, la sivyo mtaambukizana tena.

Kichocho cha mkojo, kinachopatikana kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, nacho huweza kuleta uchafu na damu ukeni. Si ugonjwa wa zinaa. Dawa yake ni prazikwanteli.

Sasa sikieni. Kuwashwa si ushahidi wa uhuni! Hata msichana ambaye hajawahi kujamiiana anaweza kupata fangasi. Mkimcheka mwenzenu, atajificha. Kisonono au klamidia isiyotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi. Tena, magonjwa ya zinaa, na hata ile hali ya bakteria kuzidi, huvirahisishia virusi vya UKIMWI kuingia mwilini.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994, watafiti walifuatilia jamii 12 za vijijini. Katika 6, wahudumu walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa na dawa zikapatikana. Matokeo yalitangazwa 1995: maambukizi mapya ya virusi yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika zile 6 nyingine. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa 1999 na kutumia njia tofauti, haukupata upungufu huo. Kwa hiyo kutibiwa ni lazima, lakini hakuchukui nafasi ya kusubiri au kutumia kondomu.

Ukiona muwasho, harufu mbaya, rangi iliyobadilika, kidonda, damu isiyo ya hedhi au maumivu chini ya kitovu, nenda zahanati. Nenda na rafiki kama unaona aibu. Maliza dozi yote hata ukipata nafuu. Nawe kaka, mpenzi wako akikuambia mkatibiwe wote, usigombe, nenda.

Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, bila jina.