Mimea inayofyonza metali: ardhi ya masonara wa Birmingham

Mtaa wa Hockley katika jiji la Birmingham, Uingereza, umekuwa makao ya masonara kwa zaidi ya karne mbili. Humo dhahabu ilichungwa hata vumbi lake: sakafu zilifagiliwa na maji ya kunawia mikono yakachujwa, ili chembe zirudi katika tanuri. Zinki, nikeli na risasi hazikupata mlinzi wa namna hiyo.

Mwaka 1840 George Elkington na binamu yake Henry walipata hataza ya kupaka vyombo fedha na dhahabu kwa umeme, na kazi hiyo ikaenea Birmingham. Karakana nyingi sasa zimegeuzwa kuwa makazi. Je, mkazi wa leo aweza kuotesha mchicha mahali palipomwagwa maji ya karakana?

Wataalamu wamelitafuta jibu katika mimea yenyewe. Huko Katanga, nchini Kongo, kuna ua liotalo penye shaba nyingi, nao watafuta madini wamelitumia kama dira. Uingereza nayo ina mmea mdogo wa jamii ya kabichi, Noccaea caerulescens, uotao kwenye migodi ya kale. Zinki yaweza kuzidi asilimia 1 ya uzito wa majani yake makavu, kiwango ambacho kingeua mazao mengi.

Lakini hesabu ni ngumu. Udongo wa hekta moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 2,500 hivi. Kupunguza zinki kwa miligramu 1,000 katika kila kilo ni kuondoa tani 2 na nusu. Mavuno ya tani 5 kwa mwaka, nayo ni makadirio ya ukarimu, huondoa kilo 50 tu. Hiyo ni miaka 50! Risasi ni kaidi zaidi, kwani hung'ang'ania udongo na mizizi huambulia kidogo.

Kwa hiyo mwenye bustani ndogo hushauriwa kwanza kupima udongo, kisha, ukionekana mchafu, kupanda mboga katika matuta ya udongo ulioletwa kutoka kwingine. Mboga za majani huvuta kadimiamu kwa urahisi, na kuziosha huondoa vumbi la nje tu.

Mimea iliyofyonza metali nayo haifai kwa mbuzi wala kwa mboji. Huchomwa katika tanuri maalumu, na jivu lake huhifadhiwa kama taka ya sumu, au huyeyushwa ili metali ipatikane tena.